Mtoto Hodari Darasani, Mwoga wa Baiskeli



Kuna watoto Allah amewajaalia akili nyingi, na hofu nyingi pia. Binti yangu wa miaka 8 ni mmoja wao. Madrasa ndiye anayewasomesha wenzake, lakini ukimuonesha baiskeli anaanza: breki ikikatika je? Nikianguka watu wakanicheka je? Watu huniambia, "Muache, huyo wa vitabu." Mimi sikubali.

Mtoto aliyezoea kupata kila kitu mara ya kwanza haogopi kuumia tu. Anaogopa kuonekana hajui. Ukimuacha akwepe baiskeli, kesho atakwepa usaili wa kazi, kesho kutwa biashara. Na ukimsukuma kwa nguvu au kumuita mwoga, jina linamganda.

Hapa Moshi nilikoolewa, njia za Kibosho na Machame ni miteremko, si pa kujifunzia. Sisi hushuka kusini ya mji, kwenye tambarare za upande wa mashamba ya miwa ya TPC. Tulifungua pedeli, tukashusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikagusa chini. Akawa anajisukuma kwa miguu, ajue mizani kwanza. Hata sisi mafundi cherehani tulianza hivyo: unakanyaga mashine bila uzi, unafuata mistari ya karatasi, kitambaa baadaye.

Waongoza watalii wa Kilimanjaro huwaambia wageni "pole pole", maana mlima ni mita 5,895 na mwenye pupa hulemewa kabla ya kilele. Basi na mtoto hivyo hivyo: bismillahi, dakika 15 kwa siku, bila ya watazamaji. Wiki ya tatu tukarudisha pedeli. Ameanguka mara mbili, akainuka mwenyewe.

Nguo nayo muiangalie. Gauni pana hunaswa na cheni. Mshoneeni suruali iliyobana kifundoni na kanzu fupi ya magotini. Stara ipo na usalama upo. Wanaosema mchezo si wa mtoto wa kike wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na imepokewa katika Hadithi.

Nanyi mabiharusi wetu, inshaallah mtajaaliwa watoto. Akijaaliwa akili, msimsifie kwa kupata tu. Msifieni pia anapojaribu lile asilolijua.