Kabichi Siyo Adhabu

Wiki mbili kabla ya boom kuingia, chuo kinabadilika. Foleni ya chipsi kuku inapungua, na mtu uliyezoea kumwona kantini saa saba mchana anaanza kukwambia, "Nimeshakula, we nenda tu." Mwaka jana niliishi chumba kimoja na mtu wa namna hiyo. Siku tatu mfululizo alikuwa "ameshakula". Siku ya nne alikaa ghafla kwenye ngazi za maktaba, akashindwa kuinuka. Na hela ya kula alikuwa nayo, jamani. Elfu mbili ilikuwepo mfukoni. Alichokosa ni ujasiri wa kuonekana na sahani ya ugali na kabichi mbele ya watu wa darasa lake.

Ndiyo maana naandika. Tumeifanya kabichi kuwa tangazo la umaskini. Mtu akionekana nayo anaambiwa "boom limekata", na picha inarushwa kwenye grupu la darasa. Utani, sawa. Ila kuna watu wanalala njaa kwa sababu ya utani huo.

Mimi ni mtu wa Misigiri, pale njia panda ya kwenda Kiomboi, kwenye barabara kuu ya Singida–Nzega. Ukisinzia kwenye basi la Mwanza ukashtuka linateremka mlima Sekenke, ujue umeshatupita. Kwetu mlenda ndio mboga. Kuku tulikuwa nao, lakini kuku alikuwa wa mgeni, wa sikukuu au wa ada ya shule. Siku nyingine zote ilikuwa ugali wa uwele au mtama, mlenda wa karanga, kunde, choroko. Siku hizi kuna watu wanajiita vegan, yaani hawali nyama, samaki, mayai, maziwa wala chochote kitokacho kwa mnyama. Neno lenyewe liliundwa Uingereza mwaka 1944. Sisi siku tano za wiki tulikula hivyo hivyo na hatukuwa na jina la jambo hilo. Ilikuwa Jumatatu tu, ikaja Jumanne.

Likizo iliyopita nilipita soko la Majengo, Dodoma, nikaona kabichi ile ya zambarau, ambayo wengine wanaiita nyekundu. Nikanunua moja kwa ajili ya kuringa nyumbani. Mama akaikata, akaigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza akalipika kama anavyopika mlenda: maji, chumvi na magadi kidogo. Baada ya dakika chache sufuria ilikuwa ya bluu inayoelekea kijani. Bibi akachungulia, akasema, "Mjukuu wangu, hii mboga imekasirika." Hakuna aliyeigusa.

Mdogo wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyetuokoa. Alikumbuka litimasi ya maabara. Rangi ya kabichi hii inatokana na kitu kinachoitwa anthosayanini, na chenyewe hubadilika kufuatana na tindikali au besi. Magadi ni besi, kwa hiyo inageuka bluu na kijani. Ndimu ni tindikali, kwa hiyo inarudi nyekundu. Tukakamulia ndimu ile iliyokasirika, ikawa ya waridi mbele ya macho yetu, ingawa ilishalainika mno. Fungu la pili mama akalipika upya: kitunguu, mafuta ya alizeti, kitunguu saumu, kabichi iliyokatwa nyembamba, ndimu ikatiwa mapema, dakika tano tu jikoni, karanga za kutwanga juu. Bibi aliongeza ugali mara mbili.

Hapo ndipo nilipofikiria kantini zetu. Kabichi yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye namna tunavyoipika. Inachemshwa tangu asubuhi hadi inakuwa ya kijivu, halafu maji yanamwagwa. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto mrefu. Kwa hiyo unachopewa saa nane mchana ni nyuzinyuzi zenye chumvi, na zile vitamini zimeenda na maji mtaroni. Ile harufu nzito mnayoilalamikia nayo inatoka kwenye kemikali za salfa ambazo huzidi kadiri kabichi inavyokaa motoni. Ukiipika muda mfupi, harufu hiyo huisikii.

Na hapa simaanishi kila mtu akanunue ile ya zambarau. Ina bei, na hupatikana kwa nadra. Kabichi yetu ya kawaida inafanya kazi ileile. Ikaange haraka na karoti na hoho. Au ipike kwa tui la nazi na binzari, imwagie wali. Au usiipike kabisa: ikate nyembamba sana, ipondeponde na chumvi kwa mkono hadi ilainike, weka nyanya, kitunguu na ndimu, hiyo ni kachumbari. Ukipata robo ya ile ya zambarau, changanya humo humo kwenye kachumbari, maana mbichi ndiyo inapendeza zaidi.

Najua mtakachosema: "Protini je?" Swali zuri. Kabichi peke yake haishibishi na haijengi mwili, tusidanganyane. Lakini weka maharage pembeni, au kunde, au karanga, pamoja na ugali, na sahani imekamilika vizuri tu. Tena ile ndimu ina kazi nyingine: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Dada zetu wanaosumbuliwa na upungufu wa damu wanapaswa kulijua hili, na wanywaji wa chai wajue kwamba chai pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Anayetaka kuacha kabisa vitu vya mnyama ajue pia kwamba vitamini B12 haipatikani kwenye mboga, hivyo aitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezwa. Sihubiri mtu aache nyama. Mimi mwenyewe kuku wa Singida akipita mbele yangu simwachi.

Ninachoomba ni vitu vitatu. Kwanza, wizara inayohusika na chakula katika serikali yetu ya wanafunzi ikae na wenye kantini wakubaliane: kila siku iwepo sahani moja isiyo na kitu cha mnyama, yenye maharage au kunde, kwa bei ambayo mwenye elfu mbili anaimudu. Pili, isiwe na ujanja. Tuna Wasabato ambao baadhi yao hawali nyama, tuna wanaofunga Kwaresima, tuna wasiopatana na maziwa. Mboga iliyotiwa mchuzi wa nyama "ili inoge" siyo mboga kwao, kwa hiyo waambiwe ukweli. Tatu, kabichi ipikwe kwa mafungu, chakula kinapotoka, isichemshwe alfajiri. Mama ntilie wa nje ya geti anafanya hivyo na jiko moja la mkaa, kantini yenye majiko sita inashindwaje?

La nne ni letu wenyewe. Acheni kupiga picha sahani za watu. Hujui aliyekaa meza ya pili amekula lini mara ya mwisho.

Yule mwenzangu wa chumba yupo, mzima. Siku hizi tunakwenda kantini pamoja, na mimi natembea na ndimu mbili kwenye begi. Mwanzoni watu walicheka. Juzi wa meza ya jirani amegeuka akauliza, "Kaka, hiyo ndimu imebaki?"