Roboti la Bwawa na Mwosha Bwawa



Huko Nyali wenye mabwawa ya kuogelea wanachagua roboti za kuyaosha. Mashine hatuikatai. Twakataa neno hili, kwamba sasa mwosha bwawa hana kazi.

Roboti husugua sakafu, nyingine hupanda na kuta, na hukusanya mchanga na majani katika kichujio. Basi! Haipimi klorini, haisafishi kichujio chake, na nyingi haziwezi kujitoa majini. Afanyaye hayo ni yule yule atokaye Kisauni alfajiri kwa miguu.

Basi tajiri amwulize yeye kwanza. Yeye ndiye ajuaye kama bwawa ni la vigae au saruji, na kama taka zake ni majani au mchanga mwembamba. Tena mtu asiingie majini roboti likiwa kazini.

Sisi wa reli twayajua haya. Dizeli zilianza kuvuta treni za njia kuu mwaka 1960. Garimoshi zilipokwisha, kazi ya faiamani ilikwisha nazo.

Twataka mwosha bwawa afundishwe roboti hilo, na mshahara wake usipunguzwe hata senti. Asiyejiandikisha KUDHEIHA, chama cha watumishi wa nyumbani na mahoteli, na ajiandikishe sasa.