Vitunguu vya msimu wa baridi

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuhesabu vitunguu vinavyoingia katika sufuria yako kwa mwezi mmoja? Sukumawiki huanza na kitunguu. Maharagwe, nyama, mayai ya asubuhi na kachumbari ya Jumapili, vyote hukidai. Jamaa ya watu watano haikosi kutumia kimoja kwa siku. Kwa kuwa wengi wetu hununua kimoja kimoja kwa mama mboga, hatuoni jinsi pesa zinavyokwenda.

Mwaka wa 2023 tulilazimika kuona. Bei ilipanda mno, na kina mama wengi wakawa wanakata kitunguu kimoja kwa siku mbili. Sehemu kubwa ya vitunguu tunavyokula mijini huvuka mpaka kutoka Tanzania kupitia Namanga. Mavuno yakiwa haba huko, sufuria za Buruburu na Kawangware huumia.

Basi wewe mwenye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba, mbona usipande vyako? Najua jibu lako. Utasema Juni hadi Agosti ni baridi, jua halionekani, heri ungoje. Hilo ndilo kosa ninalotaka tulizungumze leo.

Nililifanya mimi mwenyewe. Mwaka mmoja niliiogopa baridi, nikapandikiza miche katikati ya Agosti. Vitunguu vilinawiri. Binti yangu alikuwa akivihesabu kila akitoka shule, maana nilikuwa nimemwahidi kuwa tukiwauzia majirani atapata viatu vya kufungulia shule Januari. Mvua ya vuli ikafika kabla havijakomaa. Kufikia Novemba shingo zilikuwa zimelainika, na ukibonyeza kitunguu, maji yenye uvundo yanatoka. Viatu nilivinunua kwa pesa za kukopa, na sikujua nimwambie nini mtoto.

Nilichojifunza ni hiki: kitunguu hakichukii baridi yetu ya Nairobi au Nakuru. Wakati wa baridi hukuza majani, na kila jani huja kuwa ganda moja la kitunguu. Kinachokiharibu ni kukomaa mvuani. Kwa hivyo usihesabu kuanzia siku ya kupanda, hesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya kuvuna. Mvua ya vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba. Vitunguu viwe vimeng'olewa mapema Oktoba. Toka mbegu hadi mavuno ni miezi mitano hivi. Basi mbegu ziingie kitaluni wiki ya kwanza ya Mei, na miche ihamishwe mwisho wa Juni.

Tuanze na mbegu. Tafuta Red Creole au Bombay Red, ambazo huhifadhika vizuri. Texas Grano ni kikubwa na kitamu katika kachumbari, lakini hakikai. Usimwombe shemeji aliye Uingereza akutumie mbegu. Vitunguu vya huko hungoja mchana mrefu wa saa 14 au zaidi ndipo vifanye kichwa, na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Utapata majani matupu. Tena soma tarehe kwenye pakiti, kwani mbegu ya kitunguu huzeeka upesi.

Kitaluni, chora mistari, nyunyiza mbegu, zifunike kwa udongo wa kina cha sentimita 1, kisha tandaza nyasi kavu. Zikichipuka, ondoa nyasi na uweke kivuli chepesi cha kuzuia matone makubwa ya mvua ya Mei. Baada ya wiki nane hivi, mche ukiwa na unene wa penseli, uko tayari. Ukaapo penye baridi kali, kama Limuru au Kinangop, usingoje miche inenepe zaidi ya hapo. Mche mnono ukipigwa na baridi ya majuma mengi hutoa maua badala ya kichwa.

Tengeneza tuta la kuinuka, lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, mahali panapopata jua lote lililopo. Changanya samadi iliyooza kabisa. Panda mistari minne, mche kwa mche sentimita 10, wala usiufukie sana. Hapo itaingia miche 120. Kwa kitunguu kimoja kwa siku, hiyo ni miezi minne bila kununua.

Julai na Agosti adui wako ni ukungu. Mwagilia asubuhi, tena kwa kiasi, maji yaende kwenye udongo wala si kwenye majani. Ukiona madoa ya kijivu au ya zambarau, ng'oa majani yaliyougua, uyatupe mbali. Palilia kwa mkono, maana mizizi ya kitunguu iko juu juu na jembe huikata.

Septemba jua likirudi, vichwa huanza kujaa. Hapo acha kabisa kutia CAN, la sivyo shingo hubaki nene na kitunguu huoza ghalani. Angalia pia katikati ya majani kama kuna vidudu vidogo vya manjano vinavyoacha michirizi ya kifedha. Maji ya sabuni yaliyonyunyizwa jioni huvipunguza.

Zaidi ya nusu ya majani yakilala yenyewe, acha kumwagilia. Baada ya siku kumi ng'oa, uvianike kivulini penye hewa hadi shingo zikauke kabisa. Kisha vitundike katika neti. Usiviweke pamoja na viazi.

Nawe mwanafunzi wa chumba kimoja usijione umeachwa. Kitunguu kilichochipuka kabatini, kitie katika kopo la udongo dirishani. Hakitakupa kichwa kizuri, lakini majani yake utayakatia mayai mara kadhaa.

Mwaka uliofuata nilifuata hesabu hiyo. Oktoba ya kwanza binti yangu alinisaidia kung'oa, akavipanga kwenye gunia kimoja kimoja huku akihesabu kwa sauti. Vilikuwa 104. Viatu vyake tulivinunua kwa pesa taslimu.

Mpenzi msomaji, kalenda iko ukutani. Piga duara wiki ya kwanza ya Mei, baridi isikutishe. Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.