Kikomo cha namba za satelaiti katika vipokezi vya saa

Kikomo cha namba za satelaiti ni mpaka wa namba ambazo kipokezi cha GPS au mfumo unaofanana nao kinaweza kuzitambua. Vipokezi vya saa havionyeshi njia. Kazi yake ni kupokea saa sahihi kutoka angani na kuipeleka kwenye mitambo mingine, kama ile ya minara ya simu. Katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Bunju na Tegeta (Kinondoni) au Mbagala na Chamazi (Temeke), mtandao wa simu ndio pia njia ya kutuma na kupokea fedha. Kwa hiyo usahihi wa saa hiyo unawagusa hata wasiojua kwamba ipo.

Asili ya kikomo

Kila satelaiti ya GPS ina namba mbili. Ya kwanza ni ya chombo chenyewe na haibadiliki. Ya pili ni ya msimbo inaourusha, nayo hurithiwa na satelaiti nyingine. Ujumbe wa asili wa GPS una namba za msimbo 1 hadi 32 tu. Kwa kuwa satelaiti zinazofanya kazi huwa karibu 31, satelaiti mpya mara nyingi hupewa namba ya iliyostaafu.

Programu ya kipokezi inaweza kuongeza kikomo kingine. Biti 5 hubeba thamani 0 hadi 31; namba 32 ikihifadhiwa humo bila kupunguzwa moja, husomeka kuwa 0.

Mfumo wa China, BeiDou, ulianza na misimbo 37, kisha ukapanuliwa hadi 63. Kizazi chake cha tatu kilikamilika mwaka 2020. Vipokezi vilivyoundwa kwa orodha ya awali havizioni satelaiti kuanzia namba 38.

Tukio la 2016

Satelaiti ya GPS namba 23, iliyorushwa mwaka 1990, baadaye ilitumia msimbo namba 32. Ilipoondolewa kazini tarehe 26 Januari 2016, hitilafu katika programu ya ardhini ilifanya satelaiti kadhaa zitangaze masahihisho ya saa ya dunia (UTC) yenye kosa la takriban mikrosekunde 13. Redio ya kidijiti ya BBC nchini Uingereza ilivurugika. Mtu mwenye saa ya mkononi hakuona tofauti, lakini katika muda huo mwanga husafiri karibu kilomita 4.

Umuhimu kwa Dar es Salaam

Mitandao ya 4G na 5G inayotuma na kupokea kwa zamu katika masafa yaleyale huhitaji minara ilingane ndani ya mikrosekunde 1.5 hivi. Huduma ya 5G ilianza Tanzania mwaka 2022.

Kipokezi kisichoona baadhi ya satelaiti hakizimiki. Kikishajua mahali kilipo, hata satelaiti moja hutosha kukipa saa. Ndiyo sababu upungufu hufichika hadi antena izibwe na jengo au mti, na satelaiti zilizobaki zisitoshe. Anayenunua kifaa kilichotumika anapaswa kuuliza toleo la programu yake na namba inazozitambua.

Kikomo cha aina hiyohiyo kipo katika kuhesabu wiki: biti 10 huhesabu wiki 1,024, kisha hurudi sifuri. Ilitokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na itatokea tena Novemba 2038.