Kanisa Likue Hata Pasta Asipokuwepo

Mwezi huu tulimwendea pasta mmoja wa hapa kambini Dzaleka, tukamuuliza jambo moja tu: kanisa lako unatamani lifike wapi? Tulidhani atataja mabati, maana kila anayepita anaona turubai lilivyochakaa. Wala! Alisema anatamani waumini wakue kiasi kwamba siku yeye akiondoka, au akiugua, Jumapili iendelee kama kawaida.

Akatupeleka kwa Paulo na Wathesalonike. Habari yenyewe iko Matendo 17, na inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Paulo alihubiri pale katika sinagogi kwa sabato tatu, fujo ikazuka mjini, ndugu wakamtoa usiku kwenda Beroya. Mambo ya kuondoka usiku, sisi hapa hatuhitaji kufundishwa! Wale waamini wapya wakabaki bila mwalimu. Paulo alipofika Athene roho haikutulia, akamtuma Timotheo akaangalie kama bado wamesimama. Timotheo akarudi na habari njema, ndipo ikaandikwa barua ya kwanza. Humo hawaambii wamngojee yeye ndipo waendelee. Anawasifu kwa upendo walio nao, halafu anawaomba wazidi, wafanye kazi kwa mikono yao, wakae kwa amani, wawashike walio dhaifu. Mwenyewe alifanya kazi usiku na mchana asiwalemee. Pasta wetu naye tunamwona sokoni kwenye cherehani yake tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa tuje kwetu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000 hadi 12,000; leo tumepita 50,000. Makanisa ni mengi mno, Jumapili ngoma ya hili inaingia katika mahubiri ya lile. Lakini wingi siyo kukua, ndivyo pasta anavyosema. Miaka ile watu walipokuwa wanapata safari za Marekani, Kanada na Australia, kila ndege iliondoka na mtu wa kazi: leo mpiga kinanda, kesho mwalimu wa watoto. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokwisha kuuza vitanda na sufuria zikabaki na mabegi tu. Wengine katika kanisa lake waliacha kuja kabisa, eti waliomba na kufunga bure.

Hapo ndipo moyo wa pasta unauma, na hapo sisi tunataka kusema wazi. Wako wahubiri waliowaambia watu hao kwamba safari imekwama kwa sababu ya dhambi ya siri, au imani haba. Hapana jamani! Ni amri iliyotiwa sahihi Washington, na haikuuliza nani alifunga siku ngapi. Mama ameuza sufuria yake ya mwisho, halafu unamwambia hana imani, hapo unamjenga au unambomoa? Pasta alituambia kwamba haendi kumhubiria mtu kama huyo. Anakaa naye mkekani, wanaongea habari za watoto, basi. Anatumaini kanisa zima lijifunze kukaa hivyo, maana yeye ana miguu miwili tu.

Tukamuuliza, utajuaje kama wanakua? Akacheka kidogo. Akasema ziko nyumba mbili hazisalimiani tangu mwaka juzi kwa ajili ya deni la unga. Moja inakaa upande wa kulia wa kanisa, nyingine kushoto, na kwaya ikiimba wote wananyanyua mikono. Amekwenda pande zote mbili mara nyingi. Bado. Siku watakapokaa benchi moja ndiyo ataandika katika daftari lake kwamba kanisa limekua. (Wahusika, tunajua mnasoma gazeti hili. Tunawapenda wote.)

Tumaini lake jingine linatugusa sisi walimu: kila nyumba iwe na mtu mzima mmoja anayeweza kujisomea Biblia bila kungoja Jumapili. Wamama wengi wanabeba Biblia vizuri kabisa, imefungwa katika kitambaa, lakini kuifungua wanangoja mtoto atoke shule. Na asiyejisomea, kila mhubiri anayepita anaweza kumwambia lolote, kama hayo ya safari.

Kwa hiyo tumekubaliana naye: darasa la watu wazima litaanza Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa mchana, foleni ya maji ikiwa imepungua. Tutasomea kanisani kwake, lakini ni kwa watu wa makanisa yote. Wanaojua herufi kidogo tutawaanzisha na barua hiyohiyo ya kwanza kwa Wathesalonike, ni fupi, sura tano tu. Wasiojua kabisa wataanza na a, e, i, o, u, na hakuna atakayechekwa. Njoo na daftari lako. Kalamu tunazo ishirini, watakaowahi ndio watakaopata.