Mgeni wa Reli Ndogo Naye Apewe Jembe

Wahenga wamesema kuwa mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Methali hii twaitumia kwa watu. Mwezi huu twataka kuipeleka kwa mgeni wa namna nyingine, ambaye huingia nyumbani ndani ya sanduku, amefungwa kwa karatasi laini, wala hana kinywa cha kuomba maji. Mgeni huyo ni garimoshi la mfano, yaani injini ndogo na mabehewa yake, lililotengenezwa kufanana na garimoshi kubwa kwa vipimo vya hakika.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili latuhusu nini? Kweli, uraibu huu kwao ni Uingereza, Ujerumani na nchi jirani zake. Huko wapo watu wazima, wenye wake na wajukuu, ambao kila mwezi hungoja injini mpya kama mkulima angojavyo mvua. Lakini ni nani katika sisi asiyelijua kabati la vyombo vya wageni, lenye sahani ambazo hazijapata kutiwa chakula tangu siku ya harusi? Ugonjwa ni mmoja, ila nguo zake ndizo mbalimbali. Basi na tutazame kwa jirani, tupate kujiona wenyewe.

Katika mji wa Göppingen, Ujerumani, mwaka 1859, Theodor Märklin alianza kazi ya kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya kuchezea watoto wa kike. Alifariki mwaka 1866, na mjane wake, Caroline, akaishika kazi ile isife. Baadaye wana wao waliipokea, na mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni yao ilionyesha garimoshi la kutiwa ufunguo, likizunguka juu ya reli zenye umbo la namba 8. Jambo kubwa siku ile halikuwa garimoshi lenyewe, kwani magarimoshi ya kuchezea yalikuwako tangu zamani. Jambo kubwa lilikuwa kipimo. Upana wa reli uliwekewa kanuni, ili anayenunua reli chache leo aweze kuongeza nyingine mwakani, na behewa, na stesheni, na daraja, na vyote vikubaliane.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ulipozaliwa utamu wa uraibu huu, na hapo hapo ndipo ilipozaliwa hatari yake. Kitu kilichotengenezwa ili kiongezwe hakina siku ya kusema, "Sasa yatosha." Neno hilo hapana budi litoke kinywani mwa mwenye nyumba.

Mwaka 1935 Märklin walitoa reli ndogo zaidi, ya kuwekwa mezani, inayotumia umeme. Nchini Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alikuwa amekwisha anza kuuza magarimoshi yake tangu mwaka 1920, na mwaka 1938, miaka miwili baada ya kufa kwake, kampuni yake ikatoa treni za mezani nayo. Kipimo kilichoenea sana duniani katika hizo ndogo huitwa H0, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli kubwa ya Ulaya yenye upana wa milimita 1,435 huwa milimita 16 na nusu.

Ili tuelewe vizuri, tuchukue mfano wa kwetu. Mwaka 1955 na 1956 reli ya Afrika ya Mashariki ilipokea kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester injini 34 za aina ya Garratt, zilizopewa majina ya milima. Moja yao, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Urefu wake wapata mita 31 na zaidi, na uzito wake tani 252. Ukiipunguza mara 87, urefu huwa sentimita 36, yaani hujaa katika mikono miwili ya mtoto. Lakini uzito haupungui kwa hesabu hiyo hiyo, kwa sababu kitu hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, vyote vitatu pamoja. Zile tani 252 zingekuwa chini ya nusu kilo. Kijana anayesoma hesabu na alifanye zoezi hili mwenyewe kwa daftari yake, atajifunza jambo kubwa.

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Tangu mwaka 1950 yapo maonyesho ya vitu vya kuchezea katika mji wa Nuremberg, ambako watengenezaji hutangaza injini zao mpya. Mwenye busara, kabla hajatoa fedha, humwuliza mgeni maswali matatu. La kwanza, je, wakubaliana na umeme wa nyumba yangu? Injini za Märklin za mezani kwa desturi hupokea umeme kutoka katikati ya njia, na magurudumu yake ya upande huu na huu yameungana kwa chuma. Ukiiweka injini ya namna hiyo juu ya reli za kawaida, ambazo upande mmoja ni wa umeme wa kwenda na wa pili wa kurudi, itapiga shoti mara moja. La pili, je, waweza kupita katika kona zangu? Injini ndefu yenye magurudumu mengi haipindi mahali pembamba. La tatu, je, wewe ni wa zama zipi? Wenye uraibu huu huko Ulaya wamezigawa zama za reli kwa namba, na injini ya moshi ya mwaka 1925 haiwi na sura nzuri ikivuta mabehewa ya mwaka 1995.

Akikubaliwa, siku ya kwanza hutolewa sandukuni na kutazamwa kama kuna kilichovunjika njiani. Hupimwa nafasi iliyo kati ya gurudumu na gurudumu, ambayo kwa H0 ni karibu milimita 14 na nusu. Ikizidi au ikipungua, injini itaanguka kila ifikapo njia panda. Siku ya pili hutiwa tone la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki, kisha huendeshwa polepole, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, ili meno ya mashine yazoeane. Siku ya tatu hufungiwa mabehewa, ikafanye kazi. Hilo ndilo jembe lake.

Lakini wako wengi ambao siku ya tatu kwao haifiki. Sanduku hufunguliwa, mgeni hutazamwa, hufungwa tena, hupandishwa juu ya kabati, na macho ya mwenyewe yamekwisha geukia tangazo la mwezi ujao. Ukimwuliza, husema, "Naihifadhi." Je, ni kweli? Mafuta yaliyokaa miaka mingi bila kuzungushwa huganda yakawa kama gundi. Na lipo jambo jingine zito zaidi. Injini nyingi zimetengenezwa kwa madini ya zinki yaliyochanganywa, na zinki ikiingiwa na risasi kidogo kiwandani, chuma hicho baada ya miaka huvimba, hupasuka, na mwisho huwa vipande. Ugonjwa huo umeziharibu injini nyingi za miaka ya 1930, na hata baadhi ya zilizotengenezwa katika miaka yetu hii. Hauna dawa, wala sanduku haliuzuii. Mtu aweza kufungua hazina yake baada ya miaka ishirini akakuta unga.

Wengine husema kuwa kitu kisichotumika, pamoja na sanduku lake, huuzwa kwa bei zaidi. Hilo ni kweli, hatulikatai. Lakini bei hiyo ipo mikononi mwa wanunuzi, si mwa mwenye kitu. Wazee waliokusanya pamoja huondoka duniani kwa wakati mmoja, na mali zao huingia sokoni kwa wakati mmoja. Bidhaa ikijaa sokoni, kila mwuza samaki wa pwani ajua bei huwaje. Hata kampuni ya Märklin yenyewe, yenye jina kubwa kama hilo, ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2009, katika mwaka wake wa 150, na mwaka 2013 ikanunuliwa na wengine. Ikiwa mwenye kuvitengeneza hakusalimika, mwenye kuviweka kabatini ategemee nini?

Na sasa jambo la nyumbani, ambalo ndilo kubwa kuliko yote. Miongoni mwa wenye uraibu huu ni mzaha wa kawaida kusema kuwa mke hajui bei ya injini ile. Watu hucheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha, kwani siri ya fedha hukaa ndani ya nyumba kama mchwa ndani ya boriti. Furaha inayotaka mlango ufungwe ndipo ionjwe imepungukiwa na kitu. Tena fikiri siku ya mauti. Mwenyewe amefariki, masanduku yamejaa chumbani, na wajane na watoto hawajui lipi la thamani na lipi la bure, wala lipi halijalipwa. Deni hutangulia mirathi. Atakuja mnunuzi mwenye maneno laini, atoe fedha kidogo, achukue vyote, na wenye haki wabaki mikono mitupu.

Dawa yake ni daftari ya senti chache. Kila mgeni aandikwe jina lake, namba yake, siku aliyofika, bei aliyonunuliwa, na kama bei hiyo imelipwa yote. Daftari iwekwe mahali ambapo mke na watoto wakubwa wapajua. Kisha iwekwe kanuni moja: mgeni mpya asiingie mpaka aliyetangulia awe amefanya kazi juu ya reli, mbele ya watu wa nyumbani, na watoto wakashika swichi kwa mikono yao. Ataangusha mara moja au mbili, naam. Injini iliyoanguka hutengenezeka.

Nanyi vijana, msidhani maneno haya ni ya Wazungu na reli zao tu. Kesho kila mmoja na afungue kabati la kwao, atazame ni wageni wangapi wamo humo, wa siku yao ya kwanza, na awaulize wazee kwa adabu ni lini watapewa jembe.