Profesa wa Saigon na utumishi usioonekana

Mwishoni mwa mwaka 1966 askari wa Marekani waliokuwa Vietnam ya Kusini walizidi 380,000. Wasomi wengi wa nchi hiyo waliokuwa Ufaransa walionelea heri wakae huko huko, mbali na mabomu, wasubiri mambo yaishe. Mwaka huo huo Nguyen Dinh Ngoc, mwanahisabati mwenye umri wa miaka 34 na shahada ya udaktari aliyoipata Ufaransa, alifunga mizigo yake akarejea Saigon kufundisha.

Mbele ya watu alikuwa profesa wa Kitivo cha Sayansi. Alisomesha topolojia, ile sehemu ya hisabati inayochunguza sifa za maumbo ambazo hazibadiliki hata umbo likivutwa au kukunjwa, maadamu halikuchanwa. Serikali ya vibaraka ilimlipa mshahara, wanafunzi walimheshimu, na wakubwa wa chuo hawakuwa na sababu ya kumtilia shaka mtu aliyeonekana kupotea katika vitabu. Kumbe mtu huyo alikuwa ofisa wa upelelezi wa serikali ya Hanoi. Baada ya Saigon kukombolewa Aprili 30, 1975, ndipo wenzake walipojua walikuwa wamekaa na nani miaka yote ile.

Wapo wanaosimulia habari kama hizi kwa namna ya hadithi za upelelezi zinazouzwa vibandani, zenye bastola, mikufu ya wanawake na magari yaendayo kasi. Masimulizi hayo hulifunika jambo lenyewe. Kazi ya mtu kama Ngoc ilikuwa ya kuchosha na ya pole pole. Ilimlazimu kwanza awe mwalimu wa kweli, kwa maana mwalimu wa uongo hugunduliwa na wanafunzi wake kabla hajagunduliwa na polisi. Walimu wataelewa haraka. Mtu hawezi kujifanya anajua hisabati kwa miaka tisa mbele ya vijana hodari wanaouliza maswali.

Kwa hiyo ni makosa kusema kwamba usomi wake ulikuwa vazi la kujificha. Ulikuwa usomi halisi, na ndio maana ulimkinga. Vijana wa Saigon waliopata kwake somo la hisabati walilipata kamili, lisilopunguzwa na lisilopotoshwa, japokuwa baba zao wengine walikuwa maofisa wa jeshi alilokuwa akilipiga vita.

Upande wa pili wa mpaka, hisabati ile ile ilikuwa ikifundishwa katika hali nyingine kabisa. Novemba 1967 Alexander Grothendieck, mmojawapo wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikwenda Hanoi kutoa mihadhara kwa hiari yake. Mwenyeji wake alikuwa Waziri wa Elimu ya Juu, Ta Quang Buu, naye mwanahisabati, ambaye mwaka 1954 alitia sahihi mkataba wa Geneva wa kusimamisha vita kwa niaba ya jeshi la ukombozi. Katika siku hizo hizo mabomu ya Marekani yaliwaua walimu wawili wa hisabati wa Chuo cha Ufundi cha Hanoi. Mihadhara ilisimamishwa mjini, na mgeni pamoja na wasikilizaji wake wakahamia mashambani, ambako madarasa yalifanyika katika vibanda vya miti na handaki likiwa karibu.

Nchi maskini, iliyokuwa ikipigwa usiku na mchana, haikuona kwamba topolojia ni anasa ya kungojea amani. Kusini ilimweka mwanahisabati wake ndani ya chuo cha adui; kaskazini iliwahamisha wanahisabati wake msituni wasije wakafa. Tanzania, iliyofungua uhusiano wa kibalozi na Hanoi mwaka 1965, haikukosea ilipotambua mapema nani hasa alikuwa na haki na nani alikuwa na nguvu tu.

Hata hivyo, lipo jambo gumu ambalo washangiliaji hupenda kuliruka. Mtu anayeishi maisha mawili huwanyang'anya rafiki zake haki ya kujua wanazungumza na nani. Mwenzake anamwonyesha barua ya nyumbani, anamweleza hofu yake, analalamika juu ya mkubwa wake, na kila neno linaweza kuwa taarifa. Kusema kwamba nchi ilikuwa vitani hakuliondoi tatizo hilo. Kunaeleza tu kwa nini lilibebwa.

Aliyelibeba waziwazi kuliko wote ni Pham Xuan An. Huyu hakuwa profesa. Alizaliwa 1927, Chama kikampeleka California mwaka 1957 kusomea uandishi wa habari, akarudi 1959 akafanya kazi na shirika la Reuters na baadaye gazeti la Time. Waandishi wa Kimarekani walimwendea awafafanulie siasa za Saigon, nao majenerali walimfungulia milango. Usiku aliandika taarifa kwa wino usioonekana, na mikanda ya picha alizopiga ilisafirishwa ikiwa imefichwa ndani ya vyakula na mwanamke mjumbe, Nguyen Thi Ba, aliyekutana naye sokoni kama mchuuzi na mteja. Taarifa zake zilisaidia katika vita vya Ap Bac, Januari 1963, ambapo wapiganaji wachache walilishinda jeshi lenye helikopta na vifaru.

Lakini An huyo huyo, mwaka 1970, alisaidia kuokoa maisha ya mwandishi wa Time, Robert Sam Anson, aliyekuwa ametekwa Kambodia. Siku Saigon ilipoanguka, alihangaika mpaka akamtorosha Tran Kim Tuyen, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Ngo Dinh Diem. Kwa sheria ya vita, huyo alikuwa adui mkubwa. Kwa An alikuwa rafiki. Mwenye kupima mambo kwa rula atasema hapo alikosea. Ni afadhali kusema kwamba hapo alithibitisha kuwa ujasusi haukumla moyo wote.

Yaliyofuata yanastahili kutazamwa na kila mtumishi anayeshughulika na majalada ya watu. Mwaka 1976 An alipewa heshima ya Shujaa. Miaka miwili tu baadaye akaitwa Hanoi kusomeshwa upya siasa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa alionekana amekaa mno na Wamarekani na kuchukua mwenendo wao. Kwa muda mrefu wageni hawakumfikia kwa urahisi. Mtu aliyetumwa na Chama kwenda kuishi kama wao alitiliwa shaka kwa sababu aliishi kama wao vizuri mno! Hapana shaka nchi iliyotoka katika vita vya miaka 30 ina sababu za kuogopa. Lakini hofu hiyo ilikuwa kosa, na si lazima mtu awe adui wa Vietnam ndipo aseme hivyo. Chama kinachowaambia wasomi wake waingie ndani ya nyumba ya adui, kisha kikawanusa nguo wanaporudi, huwafundisha wasomi wengine wote kubaki vibarazani.

Wengine hawakupata hata nafasi ya kutiliwa shaka. Kanali Pham Ngoc Thao, aliyejipenyeza katika jeshi la Saigon mpaka akawa mkuu wa mkoa, aliuawa mwaka 1965 mikononi mwa serikali aliyoihujumu. Vu Ngoc Nha, aliyefika mpaka ikulu ya Nguyen Van Thieu akiwa mshauri, alikamatwa 1969 akahukumiwa kifungo cha maisha. Watu hawa walijua tangu siku ya kwanza kwamba wakifa, huenda wakazikwa kwa sifa ya usaliti, na kwamba jirani zao wangetema mate mbele ya watoto wao.

Ofisini leo kuna watu wasioweza kumaliza kazi ya wiki moja bila kuuliza ni nani ataandika jina lao kwenye taarifa. Ngoc alitumika miaka tisa Saigon bila mtu kumwita ndugu. Kama kuna aliyemfikiria katika mitaa ya ukombozi, pengine alimweka katika orodha ya wasomi waoga waliokula mshahara wa vibaraka. Alilikubali hilo kama sehemu ya kazi.

Yeye bahati yake ilikuwa njema zaidi. Baada ya vita aliingia hadharani katika wizara iliyomtuma, akafikia cheo cha Meja Jenerali, na elimu yake ikatumiwa mahali ilipohitajiwa, yaani katika kujenga kazi za kompyuta na mawasiliano wakati ambapo mashine hizo zilikuwa chache mno Vietnam. Alipostaafu hakukaa nyumbani kuhesabu nishani. Alikwenda kufundisha Chuo cha Thang Long, Hanoi, kilichoanzishwa mwaka 1988 na Bibi Hoang Xuan Sinh.

Bibi huyo alikuwa mmoja wa wale waliomsikiliza Grothendieck mwaka 1967. Tasnifu yake aliiandika kwa mkono wakati wa vita, akiongozwa na profesa huyo kwa barua, akaitetea Paris mwaka 1975, mwaka ule ule Saigon ilipokombolewa. Hivyo mwalimu aliyetoka katika vibanda vya msituni na mwalimu aliyetoka katika kumbi za adui walifundisha vijana katika chuo kimoja, na somo lilikuwa hisabati. Ngoc alifariki mwaka 2006.